Mlinganyo halisi wa ioni: andika kilichotokea kwenye testi tyubu, basi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kemia hapa Mwanza niliharibu naitreti ya fedha ya darasa zima kabla wanafunzi hawajaingia maabara. Maji yaliyokenekwa, yale yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, yalikuwa yamekwisha. Nikatazama maji ya bomba, nikayaona maangavu kabisa, nikasema yanatosha. Nikapima zile punje, ambazo bei yake kila mwalimu wa kemia anaijua, nikazitia kwenye bika, nikamimina maji. Papo hapo bika likawa kama limejaa maji ya kuoshea mchele.

Mhudumu wa maabara alikuwa anapanga stendi za testi tyubu. Hakugeuka hata.

"Mwalimu, hapo umetia ya bomba. Ina kloraidi."

Nikamuuliza, kloraidi ya nini?

"Ya chochote. Fedha haiulizi."

Nimefundisha mada hii mara nyingi tangu siku ile na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Kloraidi ya kwenye bomba ilikuja na sodiamu, au kalsiamu, au potasiamu. Sijui, na sikuhitaji kujua ili niandike kilichotokea ndani ya bika:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Huo ndio mlinganyo halisi wa ioni. Ioni ni chembe yenye chaji, chanya au hasi. Alama (aq) ni kilichoyeyuka majini, (s) ni kigumu, (l) ni kimiminika, (g) ni gesi. Unataja waliohusika tu, na wengine wote waliokuwemo humo ndani hawatajwi. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliye kidato cha tatu au cha nne, na hata wewe unayeanza cha tano ukiwa bado unababaisha. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, najua. Lakini ioni ni zile zile, na nimeona mara nyingi kalamu ikianza kutembea baada ya mtu kuelewa jambo kwa lugha anayoiotea ndoto.

Kabla ya kalamu: ndani ya maji kuna nini?

Chukua mrututu, zile chenga za buluu za salfeti ya shaba. Ukiukoroga kwenye maji, ndani ya kopo hakuna tena kitu kinachoitwa CuSO₄. Kuna Cu²⁺ anayeogelea peke yake na SO₄²⁻ anayeogelea peke yake, kila mmoja amezungukwa na molekuli za maji. Ile buluu unayoiona ni ya Cu²⁺. Salfeti haina rangi.

Kopo la pili, tia kostiki soda kidogo, ile ile ya watengeneza sabuni, NaOH. Humo kuna Na⁺ na OH⁻.

Sasa mimina kopo moja kwenye jingine. Aina nne za ioni zimekutana. Cu²⁺ akigongana na OH⁻ wanashikana na hawaachiani tena. Na⁺ akigongana na SO₄²⁻ wanapishana kama abiria stendi ya Nyegezi, kila mtu na safari yake. Unachokiona kwa macho ni kitu cha buluu hafifu, kizito kama ute wa yai, kinaning'inia katikati ya testi tyubu kisha kinashuka taratibu. Hayo ndiyo mashapo. Shuleni mnayaita presipiteti, ni kitu kile kile.

Na⁺ na SO₄²⁻ waliokuwepo mwanzo bado wapo mwisho, vile vile walivyokuwa. Tunawaita ioni watazamaji. Wafikirie jukwaani pale uwanja wa CCM Kirumba: hawagusi mpira. Lakini usiwadharau, wamelipa kiingilio. Hakuna chupa ya Cu²⁺ tupu duniani. Lazima aje na mwenzake wa chaji hasi ili chupa nzima isiwe na chaji. Ndiyo maana tunawakata kwenye mlinganyo, ila kwenye rafu ya maabara huwezi kuwakwepa.

Ukiwa na picha hiyo kichwani, hatua zinazofuata ni kuiandika tu.

Hatua ya kwanza: fomula sahihi

Hapa hakuna njia ya mkato, chaji za ioni zikae kichwani. Wenye +1 ni Na⁺, K⁺, NH₄⁺, Ag⁺ na H⁺. Wenye +2 ni Mg²⁺, Ca²⁺, Ba²⁺, Cu²⁺, Zn²⁺, Pb²⁺ na Fe²⁺. Wenye +3 ni Al³⁺ na Fe³⁺. Upande wa hasi: Cl⁻, Br⁻, I⁻, NO₃⁻, OH⁻ na HCO₃⁻ wana moja, SO₄²⁻, CO₃²⁻ na S²⁻ wana mbili, PO₄³⁻ ana tatu.

Chuma msome kwa makini. Swali likisema chuma(II) au chuma(III), hiyo namba ya Kirumi ndiyo chaji yenyewe, na ukiipuuza kila kitu kinachofuata kitakuwa kibaya.

Hatua ya pili: badilisha wenza

Chanya wa kwanza aende na hasi wa pili, chanya wa pili aende na hasi wa kwanza. Halafu jenga fomula mpya kwa chaji zao. Usibebe vinamba vya chini kutoka kwenye fomula ya zamani. Vile vilikuwa vya ndoa ile, na ndoa ile imekwisha. Cu²⁺ na OH⁻ wanatoa Cu(OH)₂. Na⁺ na SO₄²⁻ wanatoa Na₂SO₄.

Hatua ya tatu: nani anazama?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakaa. Vitabu vinatoa kanuni sita, nane, hata kumi za uyeyukaji, na mwanafunzi anazikariri zote kwa mkupuo kisha zinamchanganyikia ndani ya chumba cha mtihani. Mimi nawaambia waulize maswali kwa mpangilio, kama mlinzi wa getini, na jibu likipatikana waache kuuliza.

Swali la kwanza: kuna Na⁺, K⁺ au NH₄⁺? Kama yupo, kinayeyuka. Umemaliza.

Swali la pili: kuna NO₃⁻? Kinayeyuka. Umemaliza. Asetati nazo zichukulie hivyo hivyo.

Maswali hayo mawili peke yake yanamaliza zaidi ya nusu ya kazi, kwa sababu watunga mitihani wanapenda mno chumvi za sodiamu na naitreti. Sababu yao ni nzuri: wakitaka kukupa Pb²⁺ iliyoyeyuka, karibu hawana namna isipokuwa kukupa naitreti ya risasi.

Swali la tatu: ni kloraidi, bromaidi au aiodaidi? Inayeyuka, isipokuwa akiwa na Ag⁺ au Pb²⁺. Ya fedha ina rangi za kukumbuka: AgCl nyeupe, AgBr ya rangi ya malai, AgI ya njano. PbCl₂ ina tabia ya pekee. Ukiichemsha kwenye maji ya kutosha inapotea, ikipoa inarudi kama sindano nyeupe. Mtihani wa praktiko unaipenda tabia hiyo.

Swali la nne: ni salfeti? Inayeyuka, isipokuwa ya Ba²⁺ na Pb²⁺. Ya Ca²⁺ iko katikati: kwenye mimumunyo mizito itaonekana, kwenye myepesi huenda usione kitu.

Swali la tano: imebaki haidroksaidi, kabonati, fosfeti au salfaidi? Kama haikupita swali la kwanza, chukulia kwamba inazama. Ba(OH)₂ ndiye wa kumtoa kwenye kundi hilo, anayeyuka. Ca(OH)₂ anayeyuka kidogo, kama gramu 1.7 kwa lita moja ya maji ya kawaida. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa maji ya chokaa.

Neno moja kuhusu "haiyeyuki". Hakuna kisichoyeyuka kabisa. Hata AgCl huyeyuka, kama miligramu 2 kwa lita. Kwa kazi yetu hiyo ni sifuri, lakini ukifika kidato cha tano na sita utaambiwa uhesabu kiasi hicho, usije ukadhani mwalimu wa nyuma alikudanganya.

Rudi kwenye mfano wetu. Na₂SO₄: swali la kwanza limemaliza, inayeyuka, andika (aq). Cu(OH)₂: imefika swali la tano, inazama, andika (s).

Hatua ya nne: sawazisha

CuSO₄(aq) + 2NaOH(aq) → Cu(OH)₂(s) + Na₂SO₄(aq)

Sawazisha sasa, kabla ya kupasua. Wanaosawazisha baadaye wanajitafutia kazi mbili.

Hatua ya tano: pasua, lakini chagua wa kupasua

Kila chenye (aq) ambacho ni chumvi, alkali kali au asidi kali, kiandike kama ioni zake:

Cu²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) + 2Na⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → Cu(OH)₂(s) + 2Na⁺(aq) + SO₄²⁻(aq)

Tazama vinamba. Kile cha 2 kwenye Na₂SO₄ kimetoka chini kikaenda mbele, 2Na⁺, kwa sababu ndani ya maji kuna sodiamu wawili walioachana. Hakuna kiumbe kinachoitwa Na₂²⁺, ingawa kila mwaka nakikuta kwenye daftari la mtu. Ila kile cha 4 kwenye SO₄²⁻ hakiondoki, maana oksijeni wale wanne wameshikamana na salfa wao na wanasafiri pamoja kama familia moja kwenye kivuko. Vivyo hivyo NO₃⁻, CO₃²⁻, PO₄³⁻ na NH₄⁺.

Mwaka jana kwenye twisheni binti mmoja alinikatisha hapo hapo.

"Mwalimu, mbona Cu(OH)₂ nayo ina ioni ndani yake, na hujaipasua?"

Swali zuri kuliko mengi. Nikampa testi tyubu. Nikamwambia aitikise.

"Umeona nini?"

"Yamevurugika tu, halafu yanarudi chini."

"Sasa hizo ioni ziko huru?"

Akanyamaza kidogo. "Haziko huru. Zimeganda."

Amemaliza. Tunapasua kile ambacho maji yamekwisha kukipasua. Mashapo maji hayakuyapasua, na wewe usiyapasue. Ukiandika Cu²⁺ + 2OH⁻ upande wa kulia, utakuwa umesema hakuna kilichotokea, wakati testi tyubu iko mkononi mwako na ina kitu cha buluu ndani. (Yule binti aliendelea kuipasha moto bila kuulizwa na ikageuka nyeusi. Hiyo ni CuO, na ni mada nyingine, lakini nilifurahi.)

Wengine wasiopasuliwa ni maji yenyewe, gesi, na asidi dhaifu kama ile ya siki. Amonia iliyoyeyuka iandike NH₃(aq), nayo haipasuki kwa kiasi cha kuhesabika.

Hatua ya sita: kata watazamaji

Yeyote aliye pande zote mbili, katika hali ile ile na idadi ile ile, mkate. Na⁺ wawili kushoto, wawili kulia, kata. SO₄²⁻ kata. Kimebaki:

Cu²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → Cu(OH)₂(s)

Hatua ya saba: hakiki atomu, kisha chaji

Atomu wengi huhakiki. Chaji wengi husahau, na ndiyo inayotoa makosa hadharani. Kushoto: +2 na −2, jumla sifuri. Kulia: sifuri. Kama pande hazilingani, rudi nyuma, kuna chaji umeiandika vibaya au namba ya mbele umeiacha. Jumla si lazima iwe sifuri, kinachotakiwa ni pande mbili zilingane. Kwa mashapo ya kawaida lakini huwa sifuri, kwa hiyo ukipata +1 kila upande jiulize mara mbili.

Mfano wa pili, haraka

Naitreti ya risasi na aiodaidi ya potasiamu. Wenza wapya ni PbI₂ na KNO₃. KNO₃ inatoka kwa swali la kwanza. PbI₂ inanaswa na la tatu.

Pb(NO₃)₂(aq) + 2KI(aq) → PbI₂(s) + 2KNO₃(aq)

Pasua, kata K⁺ na NO₃⁻:

Pb²⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s)

Njano kali, kama ganda la embe lililoiva. Ikichemshwa kwenye maji mengi inayeyuka, na maji yakipoa taratibu inarudi vipande vidogo vinavyometameta kama dhahabu. Wanafunzi wote huacha walichokuwa wanafanya. Fanyeni maabara tu, mwalimu akiwepo. Risasi ni sumu inayokaa mwilini, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Tengeni chupa yenye lebo. Mji huu umeshuka mpaka majini, kinachoingia kwenye mtaro Igogo au Mkuyuni hakina safari ndefu mpaka kifike kwenye maji ambayo mtu mwingine atatupa nyavu.

Mitego

Mtego wa kwanza ni namba zinazopungua. Salfeti ya alumini na kloraidi ya bariamu:

Al₂(SO₄)₃(aq) + 3BaCl₂(aq) → 3BaSO₄(s) + 2AlCl₃(aq)

Ukipasua na kukata unabaki na 3Ba²⁺ + 3SO₄²⁻ → 3BaSO₄. Usiishie hapo. Gawa kwa tatu:

Ba²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s)

Mlinganyo huu utakutana nao tena kwenye salfeti ya sodiamu, ya zinki, ya magnesiamu, hata asidi ya salfuriki. Bariamu naye haulizi.

Mtego wa pili ni pale ambapo hakuna mtazamaji hata mmoja. Haidroksaidi ya bariamu na salfeti ya shaba: BaSO₄ inazama, Cu(OH)₂ inazama, uwanja mzima unacheza.

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + Cu²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + Cu(OH)₂(s)

Wanafunzi hutafuta cha kukata kwa nguvu, wasipokiona wanadhani wamekosea. Hujakosea. Yaache yote.

Mtego wa tatu ni kinyume chake. Changanya chumvi ya mezani na naitreti ya potasiamu: wote wanne ni (aq) mwanzo na mwisho, ukikata hakibaki kitu. Andika kwamba hakuna mmenyuko. Usibuni mashapo ili swali lipate jibu.

Wa nne ni gesi. Ukipitisha H₂S, ile yenye harufu ya yai bovu, kwenye mmumunyo wa salfeti ya shaba, unapata mashapo meusi ya CuS. H₂S usiipasue, ni gesi na asidi dhaifu:

Cu²⁺(aq) + H₂S(g) → CuS(s) + 2H⁺(aq)

Hapa chaji ni +2 kila upande, na ni sahihi.

Ukitaka kuiona nyumbani

Maabara nyingi zetu hazina vitu vya kuchezea, kwa hiyo hili nalifanya mezani kwangu. Nunua magadi ya kupikia makande, na chokaa ya unga kwa wauza vifaa vya ujenzi. Chokaa iwe ya mfuko uliofunguliwa karibuni. Iliyokaa wazi miezi imekwisha kula kaboni dayoksaidi ya hewani ikageuka kabonati, haitakufaa.

Usiku, tia kijiko kimoja cha chokaa kwenye chupa ya nusu lita ya maji, funga, tikisa, acha. Asubuhi maji ya juu yatakuwa maangavu kama hewa. Yahamishie kwenye glasi polepole bila kuvuruga chini. Glasi nyingine, koroga magadi kidogo kwenye maji, chuja kwa kitambaa safi mara mbili, maana magadi ya sokoni yana udongo wake. Kinga macho, chokaa inaunguza. Usionje, na glasi hizo zisirudi jikoni.

Mimina. Vimiminika viwili viangavu, vya kuona upande wa pili, vinakuwa kama maziwa:

Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s)

Watazamaji ni Na⁺ kutoka kwenye magadi na OH⁻ kutoka kwenye chokaa. Ila magadi ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, kwa hiyo ndani yake kuna HCO₃⁻ pia, na huyo OH⁻ hamwachi:

Ca²⁺(aq) + HCO₃⁻(aq) + OH⁻(aq) → CaCO₃(s) + H₂O(l)

OH⁻ aliyekuwa jukwaani kwenye mlinganyo wa juu ameingia uwanjani kwenye wa chini, ndani ya glasi hiyo hiyo. Utazamaji haumo kwenye jina la ioni. Inategemea amekutana na nani.

Shabu nayo ina kisa. Wakati wa mvua, maji ya kandokando ya ziwa yanapokuwa na tope, watu huzungusha kipande cha shabu kwenye ndoo na kungoja. Shabu inatoa Al³⁺, na maji yetu yana HCO₃⁻:

Al³⁺(aq) + 3HCO₃⁻(aq) → Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)

Yale mashapo laini ya Al(OH)₃ hushuka yakiwa yamebeba tope. Maji yanang'aa, lakini vijidudu bado vimo, kwa hiyo yachemshwe au yatiwe dawa.

Jaribu mwenyewe, kisha tazama chini

1. Kloraidi ya chuma(III) na haidroksaidi ya sodiamu.
2. Fosfeti ya potasiamu na kloraidi ya kalsiamu.
3. Kloraidi ya amoniamu na salfeti ya sodiamu.
4. Kaboni dayoksaidi kwenye maji ya chokaa.
5. Maji ya bomba yameweka weupe kwenye naitreti ya fedha. Utajuaje ni kloraidi na siyo kabonati?

Majibu. La kwanza, Fe³⁺(aq) + 3OH⁻(aq) → Fe(OH)₃(s), rangi ya kutu. La pili, 3Ca²⁺(aq) + 2PO₄³⁻(aq) → Ca₃(PO₄)₂(s). Chaji ni +6 na −6, na ukiwa umeandika CaPO₄ rudi hatua ya pili. La tatu, hakuna mmenyuko, swali la kwanza la mlinzi limewapitisha wote. La nne, CO₂(g) + Ca²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → CaCO₃(s) + H₂O(l), ambapo hakuna mtazamaji.

La tano ndilo nililopaswa kumuuliza mhudumu wangu asubuhi ile, maana Ag₂CO₃ nayo haiyeyuki, na maji ya ziwa yana HCO₃⁻ ya kutosha kumtia mtu shaka. Dawa ni matone ya asidi ya naitriki nyepesi. Mashapo ya kabonati yatapotea:

Ag₂CO₃(s) + 2H⁺(aq) → 2Ag⁺(aq) + CO₂(g) + H₂O(l)

AgCl haijali asidi hiyo, itabaki. Na iwe naitriki, usitie haidrokloriki, utakuwa umeleta Cl⁻ yako mwenyewe kisha unashangaa weupe umetoka wapi.

Nilitia matone matano kwenye bika langu lililoharibika. Weupe ulibaki vile vile. Mhudumu alikuwa sahihi. Nikaliacha dirishani nikaenda kuomba maji yaliyokenekwa shule ya jirani, na niliporudi saa nane mchana, jua la Mwanza likiwa limeligonga, bika zima lilikuwa limegeuka kijivu cha zambarau. AgCl ndivyo ilivyo ikikaa kwenye mwanga.